Burton Tunamtaja, Snay bin Amir Je?

Mwaka 1971 mwanahistoria Mmarekani, Norman Bennett, alichapisha kitabu kuhusu Mtemi Mirambo wa Urambo. Ukikipata, litazame jina la kitabu kabla hujafungua ndani. Baada ya jina la Mirambo inafuata miaka yake: 1840, alama ya kuuliza, halafu 1884. Mwaka wa kufa hauna ubishi. Mirambo alifariki Desemba 1884. Mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia. Bennett alipekua barua na shajara za enzi zile, na alipofika kwenye swali hilo akaona afadhali aiweke alama ile mbele ya kila msomaji kuliko kujifanya anajua.

Sasa fungua insha ya mwanafunzi wetu wa chuo kuhusu vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Sentensi ya kwanza: "Mtemi Mirambo alizaliwa mwaka 1840." Nukta. Alama ya kuuliza imedondoka njiani, mahali fulani kati ya kitabu, kitini cha mhadhiri, tovuti na simu ya kijana mwenyewe. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alinakili kwa aliyemtangulia na kila mmoja akaacha kumtaja, hata makisio ya mtafiti yakageuka kuwa kama tarehe iliyotoka kwenye cheti cha kuzaliwa.

Ninayemfikiria ninapoandika haya ni kijana wa Isikizya. Isikizya ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, nchi ya miombo, tumbaku na asali nje ya mji wa Tabora. Katika nchi hii ya Unyanyembe ndipo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika: mkono mmoja ukaelekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwingine ukapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Kijana huyu akipewa kazi ya utafiti kuhusu biashara ya misafara, amekalia hazina. Wajukuu na vitukuu wa wapagazi ni majirani zake. Lakini mara nyingi anachofanya ni kununua bando, kukusanya madesa ya waliomtangulia chuoni, kukopi na kupesti, kisha kuipeleka kazi steshenari ikachapwe na kubanwa. Mwishoni anaongeza ukurasa wa marejeleo kwa sababu msimamizi ameuagiza.

Muulize marejeleo ni ya nini. Atakujibu kwamba bila hayo maksi zitakatwa, au kwamba anaogopa kukamatwa na Turnitin, programu inayosaka maandishi yaliyonakiliwa. Simlaumu sana, maana ndivyo alivyofundishwa. Somo la marejeleo katika vyuo vyetu limekuwa somo la koma na nukta: jina la ukoo kwanza, koma, herufi ya mwanzo ya jina lake, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlazo. Ukisahau mlazo umekosa. Ukitaja kitabu ambacho hujawahi kukiona kwa macho, hakuna anayekuuliza. Nimewahi kusoma kazi yenye orodha ndefu ya vitabu vya historia ya Unyamwezi ambayo ndani yake haina hata namba moja ya ukurasa. Mwandishi wa kazi ile aliwaalika wageni wengi kwenye shughuli na hakuzungumza na yeyote.

Koma zina kazi yake, sizikatai. Zinamsaidia msomaji wa Mwanza au wa Mombasa kukipata kitabu kilekile, toleo lilelile. Lakini swali ambalo marejeleo yanajibu ni la zamani kuliko mitindo yote ya kuandika vitabuni, nalo ni hili: nani kakwambia? Na kwa sisi watu wa njia ya misafara swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu bara hili katika karne ya 19 yalitoka midomoni mwa wenyeji na wakazi wa hapa, yakaenda kuchapishwa London na Berlin kwa majina ya watu wengine.

Chukua kisa cha Snay bin Amir. Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kazeh, kama Burton alivyoiita Tabora, wakiwa wamechoka na wagonjwa. Aliyewapokea, akawatafutia nyumba, wapagazi na dawa, alikuwa mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Huyu alikuwa ameishi bara kwa miaka, amesoma, anajua lugha za huku, na safari zake zilikuwa zimemfikisha hadi Buganda kwa Kabaka Suna. Burton alikaa naye jioni baada ya jioni, akaandika alichosimuliwa: falme za kaskazini, njia, bidhaa, koo, maziwa. Wageni wale walikuja wakidhani kwamba bara lina ziwa moja kubwa mno; hapa Tabora ndipo walipoambiwa kwamba maziwa ni zaidi ya moja, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji.

Mwaka uliofuata Burton alibaki Tabora akiandika, na Speke akatoka na msafara mdogo pamoja na Sidi Mubarak Bombay kwenda kulitazama ziwa aliloambiwa. Tarehe 3 Agosti 1858 aliliona karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Vitabu vya shule vinasema Speke aligundua ziwa. Alilifikia, naam, na baadaye akashikilia kwamba ndilo chimbuko la Nile, jambo ambalo Burton alilipinga kwa miaka. Lakini kwamba ziwa lipo, liko upande gani na lina ukubwa gani, yote hayo aliyasikia barazani Tabora kabla hajafunga mzigo.

Burton, kwa kasoro zake zote, na alikuwa nazo nyingi, kwani aliwaandika Waafrika kwa dharau inayokera hadi leo, hakumficha Snay bin Amir. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 anamtaja kwa jina, anamsifu, na anasema wazi kuwa habari za nchi za kaskazini amezipata kwake na kwa wenzake. Snay aliuawa miaka michache baadaye katika vita vya Waarabu na Mtemi Mnywa Sele. Mwanafunzi wetu wa leo, akilifikia fungu hilohilo, anaandika: "Kwa mujibu wa Burton (1860), ufalme wa Karagwe ulikuwa..." Burton hakufika Karagwe. Hakukanyaga huko hata siku moja. Aliyejua habari hizo ni Snay, na mwanafunzi kamfuta jina mtu ambaye hata Burton hakumfuta.

Kanuni ya kitaaluma inajulikana, ila hatuitilii mkazo. Kama umesoma kitabu cha pili kinachomnukuu mtu wa kwanza, sema hivyohivyo: Snay bin Amir, akinukuliwa na Burton, ukurasa fulani. Mstari huo unamwambia msomaji mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, habari imetoka kwa mtu aliyeishi hapa. Pili, imepita kwenye kalamu ya mgeni, kwa hiyo isomwe kwa tahadhari.

Kalamu nayo ina mambo yake. Nje kidogo ya mji wa Tabora, Kwihara, lipo tembe lililojengwa upya kuwa makumbusho, ambamo mmisionari na msafiri David Livingstone alikaa mwaka 1872. Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alimleta hapo kutoka Ujiji Februari mwaka huo, na tarehe 14 Machi akaondoka kurudi pwani, akimwacha mzee asubiri wapagazi wapya. Katika mzigo wake Stanley alibeba kitabu kikubwa cha kumbukumbu ambacho watafiti leo wanakiita Shajara ya Unyanyembe. Humo Livingstone alikuwa amenakili na kupanga vizuri habari alizoziandika kwanza porini.

Zile za porini zilikuwa na sura tofauti kabisa. Mwaka 1871, akiwa upande wa Nyangwe kwenye mto Lualaba, mashariki ya Kongo, alikuwa ameishiwa karatasi na wino pia. Akachukua gazeti kuukuu la Kiingereza, akageuza kurasa upande, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa kwa rangi aliyoikamua kwenye mbegu za mti. Rangi ilififia hata kurasa hizo zikawa hazisomeki kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2011 watafiti walichapisha picha zake zilizopigwa kwa mianga ya aina mbalimbali, maandishi yakajitokeza tena. Ndipo ilipoonekana kwamba habari ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, kama Livingstone alivyoiandika siku zilezile kwenye gazeti, haifanani kila mahali na ile aliyoinakili baadaye kwa utulivu. Baadhi ya mambo yaliyowahusu watu wa msafara wake mwenyewe yalilainishwa au kuachwa.

Bado kuna tabaka la tatu. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Wenzake, akina Abdullah Susi na James Chuma, waliubeba mwili hadi pwani, wakapita hapa Unyanyembe Oktoba mwaka huo. Rafiki yake Horace Waller akachukua shajara, akazihariri, akakata hapa na kuunga pale, akiwahoji Susi na Chuma waliokwenda Uingereza, na mwaka 1874 vikatoka vitabu viwili vya shajara za mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi anapoandika "Livingstone (1874)" anamnukuu mtu aliyekwisha fariki, katika maneno yaliyopita kwake mara mbili na kwa Waller mara ya tatu, na yenye mchango wa Chuma na Susi ambao hawamo kwenye mabano yake. Anayeandika tu "Livingstone anasema" hajui ni Livingstone yupi anayesema: wa gazeti, wa Unyanyembe, au wa Waller.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya mabingwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili hana haja nayo. Sikubali. Mwaka wa pili ndipo mahali pa kuanzia. Kuonyesha ni toleo lipi umesoma ni kazi ya maneno matano au sita.

Tuje kwenye kifo cha Mtemi Isike, maana hilo kila mtoto wa Tabora kalisikia. Januari 1893 jeshi la Wajerumani chini ya Tom von Prince lilivamia ngome yake. Wapo wanaoandika kwamba Isike alijilipua katika ghala la baruti, akafa palepale asichukuliwe mateka. Wapo wanaoandika kwamba alikutwa bado anahema, wakamnyonga. Tofauti hii si ndogo kwa watu wanaotambika kwa jina lake. Mwanafunzi huchagua ile iliyomjia kwanza kwenye simu, akaiweka kama ilivyo, bila kusema katoa wapi. Msomaji angetaka kujua, kwa mfano, kwamba von Prince mwenyewe aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa Berlin mwaka 1914, mwaka uleule alipouawa vitani Tanga. Yaani shahidi wetu mmoja mkubwa ndiye aliyeiangusha ngome. Ushahidi wake una thamani, na una upande. Ukimtaja jina, msomaji atapima. Ukimnyamazia, unakuwa umempa mshambuliaji kiti cha hakimu.

Jambo lingine linaloniudhi, na hapa niruhusiwe kuudhika, ni jinsi tunavyozikimbia habari zilizoandikwa kwa Kiswahili na watu waliozipita njia hizi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuwa na mizizi Tabora. Baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye mtaalamu wa Kiswahili, Whiteley, akayatoa tena Afrika Mashariki, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwanafunzi anayeandika insha kwa Kiswahili anachukua ule upande wa Kiingereza, au kitabu cha Kiingereza kinachomnukuu, anautafsiri upya, anaweka alama za kunukuu, na chini anaandika jina la Mzungu. Maneno ya Tippu Tip yanarudi nyumbani yakiwa tafsiri ya tafsiri, na mwenyewe aliyaacha tayari.

Na Mtoro bin Mwinyi Bakari je? Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903 kilipangwa maktabani kwa jina la Carl Velten, mhariri wake, wakati Mtoro ndiye mwandishi mkuu. Velten huyohuyo alitoa mwaka 1901 mkusanyo wa safari za Waswahili, na ndani yake mnayo safari ya bara ya Sleman bin Mwenye Tshande. Mswahili anasimulia kwa lugha yake safari ya kwenda bara na misafara, nasi tunawapeleka vijana kwa Burton. Anayeandika "Velten (1901)" bila kumtaja Sleman amefuata koma zote na amekosea jambo lenyewe.

Wapo wanaosema mambo ya marejeleo ni urasimu wa Kizungu, eti utamaduni wetu ni wa mdomo na maneno ni ya wote. Mwenye kusema hivyo hajaenda madrasa, na Tabora madrasa hazikosekani. Mwanafunzi wa hadithi anajua kwamba kabla ya maneno yenyewe huja isnadi: fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Mmoja katika mlolongo akijulikana kwa uongo au usahaulifu, hadithi nzima inapewa daraja la chini. Elimu hiyo ilikuwa na karne nyingi kabla ya mtindo wowote wa mabano na koma. Na hata nje ya madrasa, kaa na mzee yeyote wa Kinyamwezi anayejua historia ya ukoo wake. Haanzi hewani. Atakwambia haya nilisikia kwa baba, naye aliambiwa na shangazi yake aliyekuwapo. Hili lingine ni la watu tu, sina hakika nalo. Mzee anataja chanzo chake na anapima uzito wake papo hapo. Anayekuja kukata mlolongo huo ni mjukuu mwenye elimu, anayerudi chuoni na kuandika: "Wazee wa Isikizya wanasema..."

Wazee gani? Wangapi? Lini? Burton ana jina, mwaka na namba ya ukurasa. Babu aliyemkaribisha kijana kivulini, akaitikia shikamoo yake, akaacha kazi zake mchana mzima ili amsimulie jinsi babu yake alivyobeba pembe hadi Bagamoyo, huyo amekuwa "wazee". Miaka 10 ijayo mtafiti mwingine akitaka kurudi kwa msimulizi yule, au kwa watoto wake, hatajua agonge mlango gani.

Tazama robota la tumbaku linapotoka Uyui kwenda sokoni. Linabeba karatasi yenye namba ya mkulima na chama chake cha msingi. Likifunguliwa likakutwa na majani mabovu katikati, linajulikana ni la nani. Likipata daraja zuri, malipo yanajua njia ya kurudi. Hakuna mnunuzi atakayekubali robota lililoandikwa "wakulima wa Uyui".

Basi mahojiano yaandikwe inavyostahili. Jina kamili la msimulizi, umri wake kama anaujua, kazi yake, kijiji na kata, tarehe ya mazungumzo, lugha mliyotumia, na pale alipokutajia, jina la aliyemsimulia yeye. Kama mlizungumza Kinyamwezi nawe ukatafsiri, sema umetafsiri. Ruhusa iombwe kabla ya simu kuwashwa kurekodi. Na yapo mambo ambayo mzee hatapenda jina lake litokee, hasa habari za mipaka ya mashamba, madeni ya koo na matambiko. Hapo unaandika kwamba jina limehifadhiwa kwa ombi lake, na unamwonyesha msimamizi wako peke yake. Nimewasikia wahadhiri wakisema mahojiano si chanzo cha kuaminika, kwa hiyo yasijaze marejeleo. Wahadhiri haohao wanapokea "Burton (1860)" bila kusita, nayo imejaa mahojiano kutoka mwanzo hadi mwisho.

Si kila kitu kinahitaji kutajiwa chanzo. Kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, au kwamba reli ya kati inapita hapa, hakuna atakayekuuliza. Penye tarehe yenye ubishi, idadi, maneno ya mtu, au wazo ambalo usingelifikia peke yako, hapo taja.

Ugumu upo, tena wa kweli. Barua za wamisionari wa Kianglikana, ambao walikuwa na kituo Uyui tangu mwaka 1879, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Shajara ya Unyanyembe iko Scotland. Shajara za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji, na kurasa za siku alipokutana na Livingstone zimechanwa, ndiyo maana wapo wanahistoria wasioamini kwamba aliwahi kutamka ile salamu yake maarufu, "Dr. Livingstone, I presume?" Kitabu cha Bennett chenyewe si rahisi kukiona huku kwetu. Kijana wa Isikizya hana nauli ya kwenda Birmingham, na sitaki kumdai asichoweza.

Lakini Burton wa 1860 na shajara za Waller za 1874 zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti bure, maana haki zake za kunakili zilikwisha zamani. Kurasa zile za gazeti alizoandika Livingstone nazo ziko wazi kwa yeyote. Bando lilelile linalopakua desa linaweza kupakua kitabu chenyewe. Na pale ambapo chanzo hakifikiki, kusema "sikukiona, nimekipata kwa fulani" hakumshushii mtu heshima.

Sasa limekuja la akili mnemba. Kijana anaiuliza programu impe vitabu kuhusu Unyanyembe, nayo inampa orodha safi: mwandishi mwenye jina la kuaminika, mwaka, mchapishaji, hata kurasa. Baadhi ya vitabu hivyo havijawahi kuwapo duniani. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, watu wazima wenye leseni, waliwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na programu ya namna hiyo. Jaji alipozitafuta hakuziona, wakatozwa faini ya dola 5,000. Kama wakili wa New York alinaswa, mwanafunzi mwenye usiku mmoja kabla ya tarehe ya mwisho atapona vipi? Kinga yake ni moja: kitabu ambacho hukukifungua usikiweke kwenye orodha yako.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, nauweka kwa walimu. Kitini kinachogawiwa darasani bila kuonyesha kimetolewa wapi kinafundisha kudesa kuliko desa lenyewe. Mhadhiri aliyeandika "Mirambo alizaliwa 1840" kwenye slaidi yake hana uso wa kumkata mwanafunzi maksi kwa kukosa nukta. Na msimamizi anayesahihisha tasnifu 20 kwa wiki anaweza angalau kuchagua rejea mbili katika kila kazi na kumwambia mwenye kazi: niletee ukurasa huu. Taarifa zikienea kwamba kurasa zinaulizwa, orodha zitapungua urefu na zitaongezeka ukweli.

Mwanafunzi, rudishia Mirambo alama yake ya kuuliza, na Snay bin Amir atangulie mbele ya Burton katika sentensi yako. Mwalimu, tenga maksi kwa ajili ya jina la msimulizi, si kwa ajili ya koma peke yake. Nawe mzee wa Isikizya, kijana akija na daftari, mpe kiti na maji. Lakini kabla hujaanza kusimulia, mwambie aandike kwanza jina lako kamili, na chini yake jina la aliyekusimulia wewe.